Bwana Pimbi na Matuta ya Kinywani

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa na milango yenye komeo na hata Fisi alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia, palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Juu ya mawe hayo aliishi Bwana Pimbi na mkewe na watoto wao watatu.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama wa kimo cha sungura aliyekatwa masikio. Mkia hana. Akiketi juu ya jiwe huwezi kujua jiwe limeishia wapi na yeye ameanzia wapi. Mpaka leo watu wakitaka kumtukana mtu mfupi humwita pimbi, na mimi nimeitwa hivyo tangu darasa la kwanza, kwa hiyo hadithi hii naisimulia kwa kinyongo kidogo.

Bwana Pimbi mwenyewe hakuwa na kinyongo. Yeye alijicheka kabla hajachekwa.

"Nilipokwenda kuchukua kimo nikaambiwa kimekwisha," alikuwa akisema. "Nikakimbilia kwenye foleni ya mikia, nako wamefunga. Basi nikaona nisirudi mikono mitupu, nikachukua mdomo."

Wakubwa walicheka sana, na wakicheka walisahau kumkanyaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mzaha wake.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mito ikakauka, visima vikakauka, ikabaki chemchemi ile moja tu, nayo ilitoa maji ya kujaza dimbwi moja kwa siku. Dimbwi lilikuwa na mwenyewe, Mzee Palahala. Si kwamba alilichimba, la hasha. Alikuwa mkubwa tu, mweusi wa kung'aa, mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma mpaka karibu zimkune mgongo.

Mkimwona palahala zitazameni vizuri pembe zake. Si laini. Kutoka kwenye paji la uso kwenda juu zina matuta, tuta baada ya tuta, kama shamba la viazi vitamu. Mzee Palahala akatangaza kwamba kila tuta ni mwaka mmoja wa akili. Mwenye matuta mengi ana akili nyingi, na mwenye akili nyingi hunywa kwanza. Akimaliza yeye anakunywa Kuro, halafu Kongoni, halafu Swala, kila mmoja kwa hesabu ya matuta yake. Wasio na pembe wasubiri.

Nao wenye pembe hawakuwa watu wa kunywa na kuondoka. Walikunywa, kisha wakaingia majini kupooza kwato, wakasimama humo wakizungumzia ndoa za watu. Zamu ya wasio na pembe ilipofika, dimbwi lilikuwa limegeuka tope. Fisi, Bi Ngiri na wanawe, na mwisho kabisa ukoo wa Pimbi, wote walifyonza tope hilo wakilichuja kwa meno.

Kazi ya kuhesabu matuta alipewa Ngedere, kwa kuwa ana vidole. Kila asubuhi, kana kwamba pembe huota matuta mapya mtu akiwa amelala, Ngedere alipanda juu ya kichuguu, akapitisha kidole kwenye pembe ya kila mzee, kro, kro, kro, huku akihesabu kwa sauti.

"Thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na tatu. Mzee Palahala, thelathini na tatu."

Ujira wake ulikuwa kunywa mara baada ya Mzee. Na kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja: hesabu ikishatamkwa mbele ya wazee, hairudiwi wala haifutwi. Karani anayerudi kwenye moja amewaambia wazee kwamba hajui kazi, na asiyejua kazi hanywi. Ngedere aliuogopa mwiko huo kuliko alivyomwogopa chui.

Sasa, mtoto wa mwisho wa Bwana Pimbi aliitwa Mwamvua, maana alizaliwa siku ya mvua ya mwisho. Mwamvua alikuwa na siku tatu hachezi. Alilala tu kwenye ubaridi wa jiwe, midomo imepasuka. Akipewa tope alilitema.

"Baba Sikujua," mkewe alimwambia, kwa kuwa mtoto wao wa kwanza aliitwa Sikujua, "vichekesho vyako ni vizuri, mimi mwenyewe ndivyo vilivyoniponza nikakubali kuolewa. Lakini mtoto hanywi vichekesho."

Bwana Pimbi alimtazama Mwamvua, akamfukuzia nzi midomoni. Aliogopa.

"Kesho atakunywa maji safi," akasema. "Nitaota pembe."

"Utaota pembe?"

"Mama Sikujua, kama viazi vinaota, mimi nashindwaje?"

Alizunguka miambani mpaka akapata magamba mawili makubwa ya konokono, yale yaliyochongoka, yenye mistari iliyoinuka kuzunguka gamba lote. Ukiangalia haraka haraka, ni matuta. Akayabandika kichwani kwa ulimbo, moja huku, moja kule. Akajitazama kwenye kivuli chake. Kivuli kilikuwa na pembe. Akatembea kwa maringo mpaka chemchemini, akasimama nyuma ya Swala.

"Shikamoo, Mzee Palahala."

"Marahaba," Mzee akaitikia, kisha akainama amwone aliyemsalimu. "Hivi ni wewe, Pimbi? Hizo ni nini?"

"Ni pembe, Mzee. Zimechelewa kidogo. Kwetu kila kitu huchelewa."

Ngedere akaitwa ahesabu. Ngedere alikuwa ametoka kunawa mikono, vidole vyake vimelowa. Akaanza kupapasa, kro, kro.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne…" Akasita. "Bwana Pimbi, pembe yako ina macho."

Ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa ukame konokono hujifungia ndani ya gamba na kulala, na Bwana Pimbi alidhani magamba yale hayana mtu. Konokono aliposikia unyevu wa kidole akajua mvua imenyesha. Akatoa kichwa taratibu, akanyoosha vipembe vyake viwili, akamtazama Ngedere. Mwenzake naye akaamka. Ulimbo ulikuwa umelainika kwa jua, kwa hiyo pembe ya kulia ikaanza safari kuelekea sikioni na ya kushoto ikateremka puani.

"Bado changa," Bwana Pimbi akasema. "Hazijajua pa kukaa."

Chemchemi nzima ilicheka. Kuro alicheka mpaka akapaliwa na maji. Bwana Pimbi naye alicheka, kwa kuwa alizoea, lakini macho yake yalikuwa kwenye yale maji, nayo yalikuwa safi na yako hatua nne tu mbele yake.

Mzee Palahala hakucheka. "Leo nakusamehe kwa sababu umetuchekesha. Ukirudi hapa tena na kichwa cha kubandika, wewe na ukoo wako mtakunywa umande."

Bwana Pimbi akarudi kilimani akiwa na konokono mmoja bado sikioni.

Mchana ule walikula ugali wa mtama wa jana, mkavu. Bwana Pimbi akatafuna, akatafuna, mate yenyewe ya shida, na kipande cha ugali kikamganda juu kinywani. Akakisukuma kwa ulimi. Hakikutoka. Akakisukuma tena, kushoto, kulia, nyuma ya meno ya mbele, na ulimi wake ukapita kitu ambacho ulikuwa ukikipita maisha yake yote bila kukisalimia. Tuta. Na nyuma yake tuta jingine. Na jingine.

Aliacha kutafuna.

"Mama Sikujua," akasema, mdomo wazi na kidole ndani, "hima hahuha."

"Meza kwanza."

Akameza. "Nina matuta. Hapa juu, kwenye kaakaa. Manane. Nimeyahesabu kwa ulimi. Mke wangu, kumbe mimi ni mzee na sikuambiwa."

Ninyi mnaonisikiliza, najua ulimi wa kila mmoja wenu uko wapi sasa hivi. Hebu tulieni, hadithi haijafika huko. Mama Sikujua hakupeleka ulimi wake popote, kwa sababu kichwani mwake alikuwa na Mwamvua tu. Na Bwana Pimbi hakumwuliza. Ukiokota kito njiani huanzi kuuliza kama na jirani anacho. Alijua moja kwa moja kwamba amepewa yeye peke yake, fidia ya ule mkia.

Tatizo lilikuwa hesabu. Manane si thelathini na matatu. Hata Swala alikuwa na kumi na manane. Bwana Pimbi aliketi juu ya jiwe akawaza mpaka jua likapinda, na alipoinuka alikuwa anatabasamu na kujizoeza kukohoa.

Kesho yake asubuhi akaenda tena, kichwa chake kitupu kabisa.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuomba radhi kwa wale konokono."

"Marahaba. Rudi nyuma ya foleni."

"Narudi, Mzee. Ila nina dukuduku. Nilibandika pembe kwa sababu nilikuwa naona haya kusema ukweli. Mimi matuta ninayo. Ila sisi kwetu hatuyaweki nje. Jambo la heshima halianikwi juani kama nguo. Yangu yamo kinywani."

Wakubwa wakatazamana. Mzee Palahala hakupenda ile habari ya nguo, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, nayo haikusema matuta yakae wapi.

"Karani," akasema, "mhesabu."

Ngedere akakitazama kinywa cha Bwana Pimbi. Pimbi ni mdogo, lakini meno yake mawili ya mbele ni marefu na yamechongoka. Ngedere akafumba macho, akaingiza kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba…"

"Kho! Kho-kho-kho!"

Ngedere akachomoa kidole kwa kasi akakipuliza. "Unataka kuning'ata?"

"Samahani, Karani. Umenigusa koo. Ulifika ngapi?"

"Saba," walisema wote waliosimama pale.

"Basi ingiza, uendelee. Huwezi kurudi kwenye moja mbele ya wazee."

Ngedere alijua mwiko. Akaingiza kidole tena, na kwa kuwa kinywa kina mlango mmoja tu, akaanzia pale pale mbele. "Nane. Tisa. Kumi…" Alipofika kumi na nne, kho-kho! Kidole kikatoka mbio. Kikaingia tena. Ishirini na moja, kho! Ishirini na nane, kho! Jasho lilikuwa linamtiririka Ngedere, na fikra zake zote zilikuwa kwenye kidole chake, si kwenye matuta. Safari ya mwisho Bwana Pimbi alitulia kama mtoto anayenyolewa.

"Thelathini na nne. Thelathini na tano." Ngedere akameza mate. "Thelathini na sita."

Kuro akatazama chini kana kwamba ameangusha kitu.

"Thelathini na sita?" Mzee Palahala akauliza.

"Nimeshatamka, Mzee," Ngedere akasema kwa unyonge.

Bwana Pimbi akaenda moja kwa moja kwenye maji, mkewe na watoto nyuma yake. Maji yalikuwa safi hata ukaona mchanga wa chini. Mwamvua akainama, akanywa, akapumzika, akanywa tena. Halafu akapiga chafya na kucheka. Mama Sikujua alilia palepale bila kujificha, na Bwana Pimbi ilibidi ajifanye amepaliwa tena.

Ingalikuwa mimi, ningeishia hapo. Ningesimulia mambo ya mtoto kunywa maji, tukaenda kulala. Lakini mdomo wa Bwana Pimbi haukuwa umemaliza kazi.

Siku ya pili akanywa wa kwanza. Siku ya tatu wakamwuliza ushauri kuhusu nyasi, akashauri, ingawa kuhusu nyasi hakuwa na jipya la kusema. Siku ya nne akaanza kusema polepole kupitia puani, ili matuta yapate kupumzika. Siku ya tano akaingia majini kupooza miguu. Miguu yake ilikuwa mifupi mno hata maji yalimfika kidevuni, lakini akasimama humo humo na wazee, akizungumzia ndoa za watu.

"Baba Sikujua," mkewe alimwambia nyumbani, "unatufanyia tope."

"Tope la nani? Sisi tumeshakunywa."

Mama Sikujua akaenda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Siku ya nane Bi Ngiri alimfuata alikosimama majini. Bi Ngiri alikuwa mama wa watoto wanne, mwanamke wa magoti yenye sugu kwa kuchimba mizizi, na siku zote za shida alikuwa akimwachia Mwamvua sehemu ya tope isiyo na kinyesi.

"Baba Sikujua, naomba neno," akasema kwa adabu. "Mwanangu wa mwisho hanyanyuki. Nakuomba leo umwite anywe nawe. Wewe shida hii unaijua."

Bwana Pimbi aliijua. Aliijua sana, na ndani ya moyo wake kitu kilimchoma. Lakini Mzee Palahala alikuwa anatazama, na Kuro alikuwa anatazama, na mzee mwenye matuta thelathini na sita hawezi kuonekana analainika.

"Bi Ngiri," akasema kupitia puani, "sheria ni sheria. Ungekuwa na matuta lingekuwa jambo jingine. Matuta si kitu cha kila mtu, jirani yangu. Yamekaa hapa, nyuma kidogo tu ya meno ya mbele, juu, ukisukuma ulimi unalikuta la kwanza, ukienda nyuma unalikuta la pili, yako mapana mapana kama…"

Bi Ngiri alikuwa mtu wa adabu. Akielezwa kitu hufuatilia. Ulimi wake ukaenda nyuma ya meno ya mbele, ukasukuma juu.

Uso wake ukabadilika.

"Baba Sikujua," akasema. "Mbona na mimi ninayo?"

"Haiwezekani."

"La kwanza hili. La pili hili. La tatu…"

Fisi, aliyekuwa nyuma yake, akafumba mdomo, na shavu lake likaanza kucheza. "Hata mimi," akasema. Sungura naye. Nungunungu naye. Swala akageuka pembeni asionekane. Chemchemi nzima ikanyamaza, wanyama wote wamefumba midomo, mashavu yanapanda na kushuka, macho yanatazama juu kana kwamba wanatafuta mvua. Ilisikika tu nywi, nywi, nywi.

Mzee Palahala ndiye aliyekuwa wa mwisho kufungua kinywa. "Yapo," akasema kwa sauti ndogo. Kisha sauti ikarudi. "Pimbi! Kwa hiyo unatudanganya kwa kitu ambacho kila mtu anacho?"

Mdomo huponza kichwa. Bwana Pimbi alitoka majini akidondosha maji. Aliona mkewe amewakusanya watoto nyuma yake, tayari kukimbia, na aibu aliyoisikia ilizidi woga wake.

"Mzee," akasema, na sasa hakusema tena kupitia puani, "nilikudanganya hesabu. Yangu ni manane. Hayo mengine yamezaliwa na kikohozi. Lakini lile la kuwa nayo peke yangu sikukudanganya. Nililiamini. Siku nane nzima nimetembea nikidhani Mungu alinitengenezea kinywa changu kwa mkono wake, na cha Fisi alikiagiza dukani. Kama unatafuta mjinga wa kwanza aliyedanganywa na Pimbi, huyu hapa, huhitaji hata kumtafuta, ila uiname kidogo."

Wengine walianza kucheka. Mzee Palahala akapiga ukwato. "Toka hapa na ukoo wako. Umande unawangoja."

Bwana Pimbi akamwona Bi Ngiri. Hakuwa akicheka. Alikuwa amembeba mwanawe kwenye pua, na mtoto yule alikuwa mlegevu kama kitambaa. Bwana Pimbi akajua kwamba akiondoka sasa, tope litabaki pale pale lilipokuwa, na yeye ni mmoja wa waliolikoroga.

"Nitatoka, Mzee. Ila jambo moja tu, kwa faida ya sheria yako. Siku nane hizi baraza limekubali kwamba tuta la kinywani ni tuta. Karani ametamka, na kilichotamkwa hakifutwi. Basi kila aliye hapa ni mwenye matuta, na ana haki ya kuhesabiwa, ajulikane anakunywa wa ngapi. Tusimwonee mtu. Karani aingize kidole katika kila kinywa."

"Kweli," wakasema wa nyuma.

"Nami nashauri tuanze na kinywa kikubwa, maana ndimo lazima mna matuta mengi. Bwana Fisi, tafadhali."

Fisi hakuwahi kuitwa bwana, wala kuambiwa tafadhali. Alifurahi sana. Akapita mbele, akaketi, akafungua kinywa mpaka mwisho. "Aaaa."

Ngedere akatazama ndani. Aliyaona meno ya kuvunjia mifupa. Aliisikia harufu ya chakula cha juzi. Kisha akakitazama kidole chake, kile kidole chembamba kilichomlisha na kumnywesha tangu ukame uanze.

"Karani," Mzee Palahala akasema, "hesabu."

Ngedere akaficha mikono nyuma. "Nimeshahesabu, Mzee. Kwa macho."

"Umehesabu wote?"

"Wote. Wako sawasawa."

"Ngedere, rudia…"

"Hairudiwi, Mzee," Ngedere akasema haraka. "Ni mwiko wako."

Mzee Palahala alisimama na zile pembe zake ndefu, na hakuna aliyezitazama, kwa kuwa kila mtu alikuwa anamtazama Fisi, ambaye bado amefungua kinywa akingoja zamu yake. Halafu Bi Ngiri akapita kati yao wote akiwa na mwanawe puani, akamweka kwenye ukingo wa maji. Hakuna aliyemzuia. Mtoto akanywa. Wote walisimama wakamtazama akinywa, hata Kuro.

Wakaamua palepale: watoto kwanza, kisha wakubwa kwa kufika, na hakuna wa kuingia majini na miguu yake. Kuhusu Bwana Pimbi, walibishana. Wengine walitaka umande, wengine walitaka afukuzwe kilimani. Bi Ngiri akamaliza ubishi.

"Amekunywa wa kwanza siku nane. Siku nane atakunywa wa mwisho. Watoto wake watakunywa na wetu."

Bwana Pimbi hakubisha. Kesho yake asubuhi akaenda nyuma ya foleni, nyuma ya Fisi, akaketi. Jua lilipanda. Mbele yake walikunywa wote, mmoja mmoja, nyuma ya mwenzake, na kila aliyemaliza aliondoka. Alijiandaa kwa tope. Alikwisha kukaza meno, tayari kulichuja, zamu yake ilipofika.

Akainama. Akaona mchanga wa chini.

Maji yalikuwa safi kama yale aliyokunywa wa kwanza. Alikaa pale ameinama, haelewi, mpaka Mama Sikujua akamwita kutoka juu ya mawe akamwuliza kama amelala. Akanywa. Maji yakapita juu ya ulimi wake na chini ya matuta yake manane, na akacheka peke yake hadi yakamtoka puani, kwa kuwa yeye, mwenye akili zote zile, hakuwahi kuwaza kwamba wa mwisho naye angeweza kunywa maji.

Hapo ndipo hadithi ilipoketi, na neno lake ni hili: kabla hujajivunia ulichonacho, uliza kwanza ni nani asiyekuwa nacho.